"Umetumika": Uhakiki wa Kibandiko cha Upanga

Katika mwaka wa pili tulipewa zoezi la kuhakiki matini isiyozidi ukurasa mmoja. Wenzangu walichagua maneno ya kanga na matangazo ya kampuni za simu, na mmoja alileta barua ya mapenzi aliyoikuta ndani ya kitabu cha maktaba. Mimi nilileta kibandiko cha maneno kumi na mawili. Darasa lilicheka. Nilicheka nao, kwa sababu sikutaka kuwaambia kwamba mwandishi wa matini ile ni mimi.

Kibandiko kinasema hivi: "Upanga wa mnyongaji. Kabila la Wangombe, Kongo. Miaka mia na zaidi. Umetumika." Upande wa pili yapo maneno hayo hayo kwa Kifaransa. Kilifungwa kwa uzi wa katani kwenye mpini wa upanga uliokuwa ukining'inia katika kibanda cha mjomba wangu, Gisenyi, karibu na barabara ya ziwani wanakopita wageni. Mjomba anauza vinyago, ngoma ndogo, vikapu, na silaha za chuma zinazovushwa kutoka Goma kupitia Petite Barrière. Kila likizo tangu nikiwa sekondari mimi ndiye mwandishi wake. Yeye husema, nami huandika.

Nianze na fani, kama tulivyofundishwa. Msamiati wa kwanza ni kosa. Kunyonga ni kazi ya kamba au ya mikono. Mwenye upanga hanyongi, anakata. Nilikuwa natafsiri neno la Kifaransa la mtu anayeua kwa amri ya mkubwa, nikachukua neno la karibu bila kulifikiria. Hakuna mnunuzi aliyewahi kulalamika. Wanaosoma Kiswahili pale kibandani hawanunui, na wanaonunua hawasomi Kiswahili. Upande wa Kiswahili ulikuwa pambo, kama upanga wenyewe.

Hata upande wa Kifaransa ulikuwa umerithi jambo bila kuuliza. Panga za umbo lile, zenye ubao mpana uliopinda kama mundu uliokunjwa mara mbili, zilitengenezwa kando ya Mto Kongo, na wanaozikusanya huziita ngulu. Wasafiri wa Kizungu wa miaka ya 1880, kama E. J. Glave aliyekaa Lukolela, waliandika juu ya watumwa kukatwa vichwa katika mazishi ya wakubwa. Sidai kwamba habari hizo ni za uongo. Lakini tangu hapo kila upanga wa umbo hilo ukafanywa wa kukatia vichwa, hata ule ulioshikwa na mkubwa kuonyesha cheo chake, hata ule uliobebwa katika ngoma. Neno moja la kutisha lilimeza kazi nyingine zote za kitu kile. Nami nikiwa na kalamu yangu Gisenyi, zaidi ya miaka 130 baadaye, nililiandika tena kwa sababu mjomba alisema linauza.

Neno ninalotaka kukaa nalo ni la mwisho: umetumika. Wakusanyaji wa vitu vya kale vya Afrika wanalipenda sana. Kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mgeni kwao hakina thamani. Lazima kiwe kimeshikwa, kimechafuka, kimefanya kazi fulani kijijini kabla ya kufika sokoni. Sasa tazama kitenzi chenyewe. Ningeandika "ulitumiwa," msomaji angekuwa na haki ya kuuliza: na nani? Kauli ya kutendwa humfukuza mtenda mlangoni lakini huacha mlango wazi. Unaweza kumrudisha kwa "na". Kauli ya kutendeka haina nafasi hiyo. "Umetumika na" hausimami. Sarufi yenyewe inamfunga mtu nje. Kiambishi kidogo cha -ik- kilifanya katika kibandiko changu kazi ambayo uongo wa sentensi nzima usingeifanya vizuri zaidi.

Katika uhakiki ule wa darasani niliishia hapo, nikapata alama nzuri. Lililonifanya nirudi kwenye matini hii ni mnunuzi.

Alikuwa mzee kutoka Ubelgiji, mpole, anayeshika chuma kwa kitambaa badala ya vidole. Aliugeuza upanga, akakagua mpini. Kwanza alitaka kuhakikisha kwamba si pembe ya ndovu, kwa sababu biashara ya pembe imezuiwa kimataifa na asingeupitisha uwanja wa ndege. Ulikuwa mti uliozungushiwa waya wa shaba. Kisha akauliza kama mpini unaweza kutolewa, ili aone msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani. Mjomba alinitazama kana kwamba mgeni ameomba kumvua mtu nguo.

Mzee akatoa simu, akatuonyesha picha. Kumbe nyumbani kwake anakusanya panga za Kijapani, na mapenzi yake yote yako kwenye msuka. Huko, alisema, mhunzi huchonga jina lake kwenye msuka, mahali ambapo mpini utalifunika, na mara nyingi huongeza jimbo lake na mwezi na mwaka wa kazi. Kutu ya msuka haisafishwi kamwe, kwa sababu rangi yake husaidia kutambua umri. Anayeisugua ameharibu ushahidi. Picha nyingine ilikuwa ya cheti kutoka chama cha kuhifadhi panga kilichoundwa Japani mwaka 1948, baada ya vita, wakati panga zilipokuwa zikikusanywa na majeshi ya Marekani na nyingi zikisafirishwa nje au kuharibiwa. Upanga mashuhuri kuliko nyingi, ule wa Masamune uliomilikiwa na ukoo wa Tokugawa, ulikabidhiwa polisi mjini Tokyo mwishoni mwa 1945 na haujaonekana tena. Leo kila upanga wa kale ulioko Japani una karatasi ya usajili, na karatasi hiyo ni ya upanga, si ya mwenye upanga. Ukitaka kuupeleka nje, unairudisha karatasi na kupewa kibali cha idara ya serikali inayoshughulikia utamaduni. Upanga ulioandikwa kuwa hazina ya taifa hautoki.

Kisha akauliza swali lake, kwa adabu kabisa, akionyesha upanga wetu: "Huu aliufua nani?"

Mjomba akasema: "Wangombe."

Nilitafsiri. Mzee akatabasamu, akasema hilo ni jina la watu wengi. Hata hivyo alinunua, dola 180. Ndipo akaomba karatasi mbili. Ya kwanza, ya kuweka nyumbani kwake, ieleze kama kibandiko: wa kale, miaka mia. Ya pili, ya mizigo na forodha, iseme kwamba ni pambo jipya la kazi ya mikono lisilo na thamani ya kihistoria, ili usizuiliwe njiani. Niliziandika zote mbili kwenye meza moja, kwa kalamu moja, na mjomba akapiga muhuri uleule. Kama mhadhiri angetaka mfano wa matini mbili zinazokinzana za mwandishi mmoja, ninao.

Mzee alipoondoka nilimuuliza mjomba ipi kati ya zile karatasi ilikuwa ya kweli. Akajibu bila hata kuinua macho kwenye fedha: "Ile ya forodha." Upanga ulifuliwa kwa springi ya lori, katika ua mmoja Goma, na mtu ambaye mjomba anamfahamu vizuri. Ukazikwa kwenye samadi na chumvi kwa miezi kadhaa hadi ukashika kutu. "Muzungu habebe chuma," akaniambia. "Anabeba habari."

Kwa hiyo swali la mzee lilikuwa na jibu. Liliishi ng'ambo ya mpaka, lilikuwa na jina, mke na madeni. Hapa ndipo uhakiki wangu wa kwanza ulipokosea. Nilidhani kibandiko kimemsahau mtenda kwa sababu hajulikani. Kumbe alijulikana, na kazi ya kibandiko ilikuwa kumfuta, kwani jina lake lingeshusha bei. Mhunzi aliye hai wa Goma ni kasoro ya bidhaa. Mhunzi aliye hai wa Japani ana leseni, haruhusiwi kufua zaidi ya panga mbili ndefu kwa mwezi, na jina lake ndilo linalolipiwa; wachache miongoni mwa wahunzi wa huko serikali iliwahi kuwatangaza kuwa hazina hai za taifa.

Sitaki kuigeuza Japani kuwa peponi. Majina ya uongo kwenye msuka ni mengi tangu zamani, na moja ya kazi za vyeti vile ni kuyatenganisha na ya kweli. Pia silaha hizo zilivushwa bahari katika vita, na watu wa Uchina, Korea na Ufilipino wana sababu zao za kutozitazama kama vito. Hoja yangu ni nyembamba zaidi: jina likichongwa, uongo wake unaweza kupimwa. "Kabila la Wangombe" halipimiki kwa lolote.

Na si kibanda cha mjomba peke yake. Februari 2022 serikali ya Ubelgiji ilimkabidhi waziri mkuu wa Kongo, Sama Lukonde, orodha ya vitu takriban 84,000 vya Kongo vilivyoko kwenye jumba la makumbusho la Tervuren. Nimesoma maelezo ya baadhi ya vitu vya jumba hilo. Utaratibu wake naufahamu, kwa sababu ndio wangu: kabila, mahali, kisha jina la Mzungu aliyekileta. Sanamu ya Lusinga, mtemi wa upande wa Ziwa Tanganyika aliyeuawa mwaka 1884 na watu wa Émile Storms, inajulikana kwa jina la aliyeuawa na la aliyeamuru. Mchongaji hatajwi.

Huenda msomaji atasema mila zetu hazikujali majina ya mafundi. Sikubaliani naye haraka hivyo. Hapa Rwanda nyundo ya mhunzi ilikuwa miongoni mwa alama za ufalme, na kaburi la mwami Cyirima Rujugira lilipochimbuliwa lilikutwa na nyundo za chuma. Kwenye pwani tunaye Muhamadi Kijuma wa Lamu, mchongaji, mshairi na mnakili, aliyewanakilia tenzi Wazungu waliokuwa wakizikusanya mwanzoni mwa karne iliyopita. Hati zake zilisafirishwa hadi London na Ujerumani, na sehemu ya tunachokiita fasihi ya kale ya Kiswahili imetufikia kwa njia hiyo: ilinunuliwa, ikafungwa, ikatumwa kwa meli. Lakini jina lake lilisafiri na karatasi. Kila mmoja wetu anaijua sindano ya shaba iliyomuua Liyongo. Sijawahi kuona mtihani unaouliza iliyefuliwa na nani, lakini angalau aliyeandika habari yake tunamtaja.

Likizo iliyofuata nilitaka kuisahihisha matini. Yule mhunzi alivuka kuja Gisenyi kudai fedha zake, akakaa kwenye benchi la mjomba na chupa ya Fanta. Mikono yake ina makovu madogo meupe ya cheche hadi viwikoni. Nilimsomea kibandiko kipya: "Upanga wa umbo la ngulu. Umefuliwa na," kisha jina lake, mtaa na mwaka. Nilifurahia sana ile kauli ya kutendwa. Ilikuwa na "na" yake.

Aliniomba niisome tena. Kisha akasema: "Hapana, mtoto yangu. Jina langu usiweke. Watu wa kodi watanifuata, na mjomba wako hatauza." Mjomba akaitikia kwa kichwa. Nikabaki na karatasi mkononi. (Na mimi hapa silitaji, kama mnavyoona.) Mhunzi akamaliza soda yake, akafikiri. Baba yake, akasema, alikuwa mhunzi wa kweli, wa majembe na mikuki, aliyemfundisha kuvukuta akiwa na miaka saba, na hakuna mahali popote jina la mzee huyo lilipoandikwa, hata kaburini, kwa kuwa msalaba wake wa mti ulishaoza. "Andika la baba."

Nilimwambia baba yake hakuufua upanga huu. Akasema mkono ni wa baba.

Baadaye nilisoma kwamba Japani nako wako wanafunzi waliochonga jina la mwalimu wao kwenye msuka, kwa ruhusa yake, na wajuzi wana neno maalumu la kulitenga jina la namna hiyo na lile la kughushi. Sisi hatuna neno hilo. Niliandika jina la baba yake, nikaacha mwaka. Upanga uko kibandani mpaka leo, mjomba amepunguza bei mara mbili, na wageni wakiuliza huyo aliyeandikwa ni mfalme gani, mjomba hunielekezea mimi.