Mzalendo Kabla ya Kesi: Tunavyoisoma Tamthilia ya Kimathi Darasani

Katika muhula uliopita tuliwaonyesha wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu sehemu ya tamthilia ya televisheni iitwayo The Last Outlaw. Tamthilia hiyo ya sehemu nne ilirushwa nchini Australia mwaka 1980, miaka 100 baada ya kunyongwa kwa Ned Kelly, mtu ambaye watu wa kule wanaendelea kubishana juu yake hadi leo. Shabaha yetu haikuwa kufundisha historia ya Australia. Tulitaka wanafunzi wapate kitu cha kulinganisha na tamthilia ya Mzalendo Kimathi, ambayo tunaisoma katika somo la fasihi andishi. Tunaandika makala haya kwa sababu zoezi hilo lilituonyesha jambo ambalo tulikuwa tumelipita kila mwaka bila kuliona, nalo limo katika jalada la kitabu.

Tuanze na Kelly. Mwezi Oktoba 1878 yeye na wenzake watatu walikabiliana na askari polisi mahali paitwapo Stringybark Creek, na polisi watatu wakauawa. Koloni la Victoria likapitisha sheria ya pekee. Kelly alipotangazwa chini ya sheria hiyo, raia yeyote aliruhusiwa kumpiga risasi bila kumkamata wala kumpeleka kwa hakimu. Mwezi Juni 1880 alipigana mara ya mwisho katika kijiji cha Glenrowan, akiwa amevaa deraya iliyofuliwa kwa vyuma vya plau. Risasi zikampata miguuni, ambako chuma hakikufika. Tarehe 11 Novemba 1880 alinyongwa katika gereza la Melbourne, ambamo mama yake pia alikuwa akitumikia kifungo.

Wanafunzi walipewa kazi ya kutafuta neno la Kiswahili la kumwita mtu wa namna hii. Kwa kuwa wengi wao wamesoma kwa Kifaransa, walilijua neno hors-la-loi, lakini Kiswahili kikawashinda. Walileta mhalifu, jambazi, haramia, mtoro, mwasi na mhaini. Tuliyaandika yote ubaoni, tukayachambua moja baada ya jingine. Mhalifu ni aliyekhalifu, yaani yeye ndiye aliyetenda. Mwasi ameasi, mtoro ametoroka. Yote yanamfanya mtu huyo awe mtendaji. Lakini sheria ya Victoria ilikuwa inaeleza jambo alilotendewa: aliwekwa nje ya sheria, akaondolewa kinga ambayo hata mwizi wa kuku anayo. Kiswahili hakina neno moja la hali hiyo, ingawa fasihi yake inaifahamu hali yenyewe vizuri sana.

Jina la Tamthilia

The Trial of Dedan Kimathi iliandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Mĩcere Gĩthae Mũgo. Ilionyeshwa katika Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza jijini Nairobi mwaka 1976, na mwaka 1977 ikapelekwa kwenye tamasha la FESTAC mjini Lagos. Tafsiri ya Kiswahili ya Raphael Kahaso ilitoka mwaka 1978 kwa jina la Mzalendo Kimathi. Hiyo ndiyo iliyomo mikononi mwa wanafunzi wetu.

Mwanafunzi mmoja alituuliza: "Mwalimu, kesi iko wapi, ikiwa jina la kitabu limeshatoa hukumu?" Swali hili lilitufanya tusimamishe somo. Jina la Kiingereza linamwalika msomaji aingie mahakamani. Neno lililotumika lina maana mbili: kesi ya mahakamani, na jaribu linalompata mtu ili imani yake ipimwe. Waandishi wameijenga tamthilia nzima juu ya maana hizo mbili. Kuna kesi mbele ya hakimu, na kuna majaribu manne katika seli, ambapo Kimathi anajiwa na watu wa kumshawishi na kumtesa ili asalimu amri. Mtafsiri aliliacha neno hilo lote, akaweka cheo mahali pake. Msomaji wa Kiswahili anafungua ukurasa wa kwanza akiwa tayari ameambiwa mshtakiwa ni nani.

Hatusemi kwamba mtafsiri alikosea. Kiswahili kina kesi na kina jaribu, lakini hakina neno moja linalobeba yote mawili. Tena tusisahau wakati wenyewe. Mwaka 1978 Mau Mau ilikuwa bado ni chama kilichopigwa marufuku katika sheria za Kenya, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 2003. Ngũgĩ mwenyewe alikuwa kizuizini tangu siku ya mwisho ya mwaka 1977. Kumwita Kimathi mzalendo juu ya jalada katika mwaka huo lilikuwa tendo la ujasiri. Tunachosema ni kwamba ujasiri huo una gharama yake katika fani, na mwalimu anapaswa kuionyesha.

Msuko na Mkate

Msuko wa tamthilia haufuati wakati kwa mstari ulionyooka. Tunatoka mahakamani hadi mtaani, kisha katika seli, kisha msituni, na kurudi. Kinachoyaunganisha mandhari hayo ni mkate. Mwanamke anamkabidhi Mvulana mkate wa kupeleka mjini, na ndani ya mkate huo mna silaha ya kumkomboa Kimathi. Mvulana na Msichana, ambao mwanzoni wanagombana kwa ajili ya pesa, wanakua kadiri wanavyoubeba mzigo huo hadi wanakuwa watu wazima mbele ya macho yetu.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili ameshauona mkate huu. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale ya pwani, shujaa yumo gerezani na mama yake anamwokea mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi wanakula vyakula vizuri na kumwachia mfungwa mkate duni. Liyongo anakata minyororo huku kelele za ngoma zikifunika sauti ya tupa. Hatudai kwamba Ngũgĩ na Mũgo walichota kwa Kijumwa. Tunasema tu kwamba tamthilia iliyoandikwa kwa Kiingereza, ilipotafsiriwa, iliingia katika nyumba ambayo tayari ilikuwa na mkate kama huo mezani. Ndiyo maana wanafunzi wetu waliotoka Buyenzi, ambao wamelisikia jina la Liyongo nyumbani, huielewa tamthilia hii upesi kuliko wenzao.

Ulinganisho huu unatufikisha kwenye suala la usaliti. Liyongo hakudhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo ilitolewa na mwanawe. Katika Mzalendo Kimathi, kiongozi anasita kuwaua wasaliti msituni, akiwemo ndugu yake, nao wanatoroka. Huko Glenrowan, aliyeizuia treni ya polisi isianguke katika mtego wa Kelly alikuwa mwalimu wa shule, Thomas Curnow. Wanafunzi walicheka waliposikia hivyo, wakatutazama. Tuliwakumbusha kwamba Kimathi naye aliwahi kuwa mwalimu. Kisha tukawauliza: je, Curnow alisaliti au aliokoa watu waliokuwamo katika treni? Kicheko kikaisha.

Kasoro

Tamthilia hii imefaulu sana katika lugha ya jukwaa, katika nyimbo, na katika kuwapa wanawake na vijana nafasi katika mapambano. Hata hivyo, tunaona kasoro mbili.

Kwanza, wahusika wa upande wa wakoloni na wale wanaoshirikiana nao ni bapa. Wanaomjia Kimathi katika seli, akina mabenki, mfanyabiashara, mwanasiasa na kasisi, kila mmoja amepewa hoja moja na anaondoka nayo. Jaribu lisiloweza kumshinda mtu halimpimi. Kama kasisi angekuwa na maneno mazito zaidi, kukataa kwa Kimathi kungekuwa na uzito zaidi.

Pili, kuna pengo kati ya Kimathi wa jukwaani na yule wa mahakamani. Kimathi wa tamthilia anakataa kujibu shtaka, anaihoji sheria yenyewe. Kimathi wa kweli alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 akiwa amejeruhiwa, akashtakiwa Nyeri kwa kupatikana na bastola na risasi, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Waandishi walipoifanya kazi yao, kumbukumbu za kesi hiyo hazikuwa mikononi mwa umma. Zilichapishwa mwaka 2017 katika kitabu kilichohaririwa na Julie MacArthur. Humo tunamkuta mtu aliyejibu shtaka, akijitetea kwamba alikuwa njiani kwenda kujisalimisha.

Wanafunzi kadhaa walivunjika moyo kwa habari hii. Mmoja alisema kwamba basi shujaa alikuwa mwoga. Sisi tunaona kinyume. Mtu aliyejeruhiwa, aliye mbele ya mahakama ambayo hukumu yake ni kifo, na ambaye serikali hiyo hiyo iliwanyonga zaidi ya Waafrika 1,000 katika miaka ya hali ya hatari, ana haki ya kupigania uhai wake kwa maneno aliyo nayo. Ushujaa unaodai mtu asiogope kufa ni wa sanamu, na sanamu ya Kimathi ipo Nairobi tangu mwaka 2007. Kwetu, mtu wa mahakamani anamzidi yule wa jukwaani kwa ubinadamu, na tamthilia ingeweza kumbeba.

Kwa Nini Jambo Hili Linatuhusu Sisi

Tulipokuwa tungali na maneno yale ubaoni, mwanafunzi mmoja aliuliza kama tuongeze neno la Kirundi, umumenja. Darasa likanyamaza. Kila mtu humu nchini anajua kwamba mwaka 1972 watu wengi mno waliitwa abamenja, wakachukuliwa, wala hawakurudi. Wengi hawakufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Jina ndilo lililokuwa shtaka, jina likawa ushahidi, na jina likawa hukumu. Mwanafunzi mwingine alisema kwa sauti ya chini kwamba nyumbani kwao kuna jina la mtu ambalo halitajwi hadi leo. Hatukumwuliza zaidi.

Tuliliandika neno hilo. Tulifikiri kulikataa kungekuwa kusema kwamba fasihi inazungumzia majeraha ya Wakenya na Waaustralia tu. Kisha tukarudi kwenye jalada la kitabu na kuuliza upya swali la yule mwanafunzi wa kwanza. Mzalendo ni jina la heshima na umumenja ni jina la kuua. Hayalingani, wala hatutaki mtu aseme kwamba tumeyalinganisha. Lakini yote mawili hutolewa na mtu fulani, kwa wakati fulani, kwa sababu fulani, na yote mawili yanaweza kutangulia kesi. Mwanafunzi wa lugha ambaye hajajifunza kuuliza nani ametoa jina, na lini, hataweza kujikinga siku atakapopewa la kubandika mwenzake.

Hapa ndipo tunapotofautiana na baadhi ya wenzetu wanaosema tamthilia za waasi na mashujaa zisisomwe katika shule zetu kwa kuwa zinaamsha mambo. Tunaiheshimu hofu yao, maana wengi wao wameona kwa macho yale ambayo wanafunzi wameyasikia tu. Lakini mambo hayo hayakulala. Yanakaa katika msamiati, na msamiati ndio kazi yetu.

Ushauri kwa Walimu

Tunawashauri walimu watakaofundisha Mzalendo Kimathi wafanye mambo matatu. Waanze na jina, wawatake wanafunzi wapendekeze majina mengine ya Kiswahili na kueleza kila moja linahukumu nini. Wasome pamoja na sehemu ya gereza katika utenzi wa Fumo Liyongo, ili mwanafunzi aone kwamba mtu aliyewekwa nje ya sheria hakuletwa kwetu na televisheni. Mwishoni wawape wanafunzi kazi ya kuandika onyesho fupi ambamo Kimathi anajibu shtaka kama alivyolijibu kweli.

Wanafunzi wetu wameshaiandika kazi hiyo ya tatu. Katika onyesho moja, Kimathi anapoulizwa jina lake na karani, anajibu jina alilopewa na wazazi wake, kisha anasubiri karani aliandike kabla ya kuendelea. Tumempa mwandishi wake alama nzuri, na tumemwomba ruhusa ya kulisoma onyesho hilo kwa wanafunzi wa mwaka ujao.