Barua Isiyo na Sahihi: Fani ya Habari Katika Zama za Simu

Wazee wetu walisema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Kwa miaka mingi tumeifundisha methali hii pasipo kuihoji. Tuliieleza maana, tukaitolea mfano, tukaenda kwenye methali iliyofuata. Siku hizi twaona ya kuwa imekuwa ngao ya kila mtu apelekaye habari asiyojua chanzo chake. Akiulizwa, hujibu kwamba lisemwalo lipo. Katika makala haya tunakusudia kuihakiki habari kama tuhakikivyo shairi au hadithi, yaani kwa kuitazama fani yake pamoja na maudhui yake. Wengi walalamikao juu ya mitandao ya kijamii hulalamikia maudhui: huu ni ukweli, ule ni uongo. Sisi tunaonelea kwamba sehemu kubwa ya maradhi imo katika fani.

Hapana budi tuanze na tulikotoka. Mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda hakuwa na matini nyingi za habari za kusomesha. Magazeti yauzwayo barabarani kwetu aghalabu ni ya Kiingereza au ya Kiganda. Sisi tulioishi karibu na mpaka wa Busia tulibahatika kidogo, kwa kuwa Taifa Leo lilivuka kutoka Kenya, mara nyingine likiwa limefungiwa maandazi. Tulilikunjua, tukafuta mafuta, tukaingia nalo darasani. Habari ya wiki mbili zilizopita ilikuwa mpya kwetu, wala hapakuwa na aliyedanganyika, kwa sababu tarehe ilikuwapo juu ya ukurasa.

Kisha zikaja blogu. Katikati ya miaka ya 2000 tulikuwa walimu wapya, na tulilipia nusu saa katika mkahawa wa intaneti ili tuzisome. Mbili zilitufaa kupita nyingine. Ya kwanza ilikuwa Jikomboe ya Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani. Ya pili ni ile aliyoianzisha Muhidin Issa Michuzi mwaka 2005, wakati alipokuwa mpiga picha wa gazeti la Daily News la Dar es Salaam, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Globu ya Jamii.

Kwa upande wa fani, blogu hizi mbili zilitofautiana sana. Jikomboe ilikuwa insha. Mwandishi alichukua hoja, akaigeuza huku na huku, akabishana na msomaji wake kama abishanaye na rafiki barazani. Ilitudhihirishia ya kuwa Kiswahili chaweza kuzungumzia tekinolojia na siasa za dunia pasipo kuazima sentensi za Kiingereza. Globu ya Jamii, kwa upande wake, ilisimama juu ya picha. Chini ya picha palikuwa na maelezo ya mistari michache, yaliyoandikwa kwa lugha ya watu wa Dar es Salaam. Msomaji aliitwa "mdau", mwenye blogu akaitwa "Ankal", na kuendelea na kazi kukaitwa kuendeleza "libeneke". Mwanafunzi mmoja alituuliza neno hilo limo katika kamusi gani. Tulimjibu kwamba kamusi hufuata watu, watu hawafuati kamusi. Udhaifu wa blogu ile, kwa maoni yetu, ulikuwa katika maudhui: viongozi wakizindua hiki na kile walionekana mara nyingi kuliko maswali ambayo wangepaswa kuulizwa. Hata hivyo, harusi, misiba na mitaa ya watu wa kawaida ilipata nafasi ambayo magazeti hayakuwa nayo.

Pamoja na tofauti hizo, zilishirikiana katika mambo matatu: kila andiko lilikuwa na jina la mwenye ukurasa, lilikuwa na tarehe, na lilikuwa na mahali pa kurudi. Aliyetilia shaka neno aliweza kurejea kesho yake akalikuta pale pale. Jambo hili si geni katika mapokeo yetu. Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapisha barua na mashairi ya wasomaji, na mtungaji alijitambulisha, japo kwa jina la kupanga. Kwa hiyo blogu ilikuwa mjukuu wa gazeti. Ilibadili chombo, haikubadili adabu.

Mwaka 2018 ulikuwa mgumu kwa mjukuu huyo. Nchini Tanzania kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni ziliwataka wanablogu wakate leseni kwa ada ambazo jumla yake ilizidi shilingi milioni 2 za nchi hiyo. Mwezi Juni mtandao wa JamiiForums ulilazimika kufungwa kwa muda. Hapa Uganda, tangu tarehe 1 Julai mwaka huo hadi mwaka 2021, mtu alilipa shilingi 200 kwa siku ili aruhusiwe kuingia katika mitandao ya kijamii. Lakini tusiseme kwamba serikali peke yake ndiyo iliyotuondoa katika blogu. Simu ya mkononi ilikwisha kutuvuta. Badala ya kuiendea habari mahali ilipo, tuliketi tukangoja itujie, na ilipotujia kwa njia ya WhatsApp ilikuwa imevuliwa jina, tarehe na mahali.

Turuhusiwe kutoa ushahidi dhidi yetu wenyewe. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Madarasa ya watahiniwa yalirudi tarehe 15 Oktoba mwaka huo, na mengine yakafuata kwa zamu mwaka 2021. Juni 2021 zikafungwa tena, zisifunguliwe hadi Januari 2022. Basi mwishoni mwa Septemba 2021 tulipokea katika kundi la walimu tangazo la Kiingereza lisemalo kwamba watahiniwa watarudi shuleni tarehe 15 Oktoba. Furaha ilitupofusha. Tulilifasiri kwa Kiswahili sanifu, kwa ajili ya wazazi wa upande wetu ambao hawasomi Kiingereza. Tuliondoa makosa, tukapanga aya, tukaanza kwa "Wazazi wote mnaarifiwa", tukalituma.

Siku hiyo ilipofika, mama mmoja alikuja hadi lango la shule pamoja na binti yake wa darasa la saba, godoro na sanduku la bati. Alikuwa ameuza mbuzi. Mlinzi alikataa kufungua. Tulipotoka kutazama, mama alitunyoshea simu.

"Mwalimu," akasema, "huyu mlinzi ananiambia nimedanganywa. Hebu soma. Mtu anayeandika Kiswahili kizuri namna hii anaweza kuwa mwongo?"

Yalikuwa maneno yetu, koma kwa koma. Tulimwambia hivyo. Hakutukasirikia, alituuliza tu atamrudishaje mtoto nyumbani, kwa kuwa nauli aliyokuwa nayo ilikuwa ya kuja. Nauli tulimpa. Mbuzi hatukuweza kumrudishia.

Na tulitazame tangazo lile kwa jicho la mhakiki. Hapakuwa na neno la uongo ndani yake. Lilikuwa tangazo la kweli la mwaka 2020, lililopoteza mwaka wake njiani. Maudhui yalikuwa sahihi, fani ndiyo iliyokuwa pungufu, na upungufu huo wa fani uliugeuza ukweli ukawa uongo. Tena sisi tuliongeza kosa la pili: tuliupa ujumbe yatima nguo nzuri. Kiswahili sanifu, ambacho tumekitetea ujana wetu wote, ndicho kilichokuwa muhuri wa kumwaminisha yule mama. Mwalimu wa lugha hana budi kuliogopa jambo hili. Tunafundisha ufasaha kana kwamba ufasaha ni wema, kumbe ni nguvu tu, na nguvu humtumikia yeyote aishikaye.

Wako wenzetu watakaotupinga. Watasema kwamba ujumbe wa simu ni kurudi kwa fasihi simulizi, na kwamba hadithi za bibi zetu hazikuwa na jina la mtunzi wala tarehe. Hoja hii ni nzuri, lakini haisimami. Hadithi haikuwa na mtunzi, bali ilikuwa na msimulizi, naye aliketi mbele yetu. Tulimjua ni nani, tulijua ana desturi ya kutia chumvi, na tuliweza kumkatiza kwa swali. Zaidi ya hayo, alianza kwa "Paukwa", nasi tukamwitikia "Pakawa", tukijua sote ya kuwa sasa twaingia katika ngano. Ujumbe wa simu hauna sahihi ya mwandishi wala uso wa msimulizi. Umeikimbia adabu ya maandishi, na ile ya masimulizi haukuifikia.

Tufanye nini basi? Hatuwashauri walimu wazikatae simu. Wanafunzi wetu husoma Kiswahili kingi zaidi katika simu kuliko katika vitabu tuwapavyo, na hiyo ni neema kwa nchi ambayo Kiswahili kingali kikitafuta wasomaji. Tunapendekeza jambo dogo. Katika silabasi zetu limo somo la barua rasmi, na sote hulifundisha kwa ukali. Mwanafunzi akisahau anwani, tunamkata alama. Akisahau tarehe, tunamkata. Akisahau sahihi, tunamwambia kwamba hiyo si barua. Baada ya kipindi tunakwenda chumba cha walimu, tunafungua simu, na tunapeleka mbele ujumbe usio na anwani, tarehe wala sahihi.

Muhula huu tumeanza kuleta ujumbe wa simu darasani na kuusahihisha kwa kalamu nyekundu kama barua rasmi. Mpaka sasa hakuna ujumbe uliofaulu. Wanafunzi wamefurahia sana zoezi hili, na wiki iliyopita mmoja wao aliomba tuwasomee ujumbe ambao mwalimu wao mwenyewe aliutuma wakati wa korona. Tuliusoma, wakausahihisha, nasi tukapata sifuri.