Bandari au Mlango? Tahakiki ya Istilahi za Mawasiliano ya Mfululizo

Uundaji wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umepiga hatua. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hata hivyo, mwanafunzi anayekuta nyuma ya mashine tundu la pini 9 la kiwango cha RS-232, kilichoanzishwa mwaka 1960, huishia kujitafsiria neno kwa neno. Makala haya yanahakiki tafsiri tatu za namna hiyo.

Ya kwanza ni "bandari". Kwa msomaji wa Makobola, bandari ni Kalundu, kule Uvira, meli zinakopakia na kupakua shehena. Kosa hili linaeleweka, kwani *port* ya Kifaransa ni bandari pia. Lakini katika kompyuta dhana yenyewe ni ya lango. "Mlango wa mfululizo" hueleza kazi: biti hupita moja baada ya nyingine. Katika mlango sambamba biti kadhaa hupita pamoja, kila moja kwenye waya wake.

Ya pili ni "biti ya usawa". Biti hii haisawazishi chochote. Hufanya idadi ya biti zenye thamani 1 iwe shufwa au witiri, kama ilivyokubaliwa, ili mpokeaji atambue biti moja ikigeuka njiani. Hisabati ya Kiswahili inayo maneno hayo tayari. "Biti ya shufwa na witiri" ni ndefu, lakini inafundisha.

Ya tatu ni "kasi", itumiwayo kwa baudi na kwa biti kwa sekunde bila kutofautisha. Baudi, yenye jina la Mfaransa Émile Baudot, huhesabu mabadiliko ya ishara kwa sekunde. Modemu ya V.22 bis ilipitisha biti 2400 kwa sekunde kwa baudi 600 tu.

Huenda ikasemwa kwamba Kifaransa kinatutosha. Hoja hiyo haitoshelezi. Vifaa viwili visipopangwa kwa kasi ileile na biti za ukomo zilezile, herufi hufika zimevurugika. Naye aliyekariri majina bila kuelewa dhana hajui pa kuanzia kurekebisha. Hivyo hatuna budi kuipima kila istilahi kwa mwanafunzi kabla ya kuichapa: je, akiisikia, anaweza kueleza kinachotendeka?