Kiambishi -ngali- na Mvua za Mwaka 2024: Habari za Tabianchi Mbele ya Msikilizaji wa Soweto West

Kwa miaka mingi vyombo vya habari, vya ndani na vya nje, viliieleza Kibera kuwa makao ya watu milioni moja na zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 170,070. Hesabu hiyo nayo ilibishaniwa, lakini tofauti baina ya tarakimu hizi mbili si ndogo hata kidogo, na mkazi wa Soweto West, kimojawapo cha vijiji vya Kibera, amezoea kusomewa habari zake mwenyewe kwa tarakimu asizozitambua. Si ajabu basi akikunja uso redio inapotangaza kwamba "wanasayansi wamethibitisha" jambo fulani juu ya mvua iliyoingia chumbani mwake. Wapo wasomi wanaoiita shaka hiyo ujinga wa sayansi. Rai hiyo haina msingi. Shaka ya msikilizaji huyu ni shaka juu ya lugha, na sehemu yake kubwa ni ya haki.

Neno Elinino linafaa kuchunguzwa kwanza. Asili yake ni Kihispania, na wavuvi wa Peru walilitumia kwa maji ya bahari yanayopata joto karibu na Krismasi. Katika taaluma ya hali ya hewa ni hali ya Bahari ya Pasifiki, mbali kabisa na Nairobi. Lakini baada ya mvua za mwaka 1997 na 1998, zilizobomoa barabara na kuleta homa ya Bonde la Ufa, Wakenya walilitwaa neno hili wakalipa maana yao: mvua ya maafa. Maana hii si kosa. Ndivyo maneno ya mkopo yanavyoishi. Kosa lilitokea Oktoba 2023, Rais William Ruto alipowatangazia wananchi kwamba, kwa mujibu wa wataalamu, hakutakuwa na Elinino bali mvua nyingi tu. Vyombo vya habari viliipeleka kauli hiyo kama ilivyo, bila kueleza ni Elinino ipi inayokanushwa, ya baharini au ya mitaani. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikuwa limekwisha kutangaza Julai mwaka huo kwamba Elinino ya baharini imeanza. Kwa masikio ya Kibera, kukanushwa kwa neno kulikuwa kukanushwa kwa mafuriko. Novemba mafuriko yakaja, na zaidi ya watu 100 wakafa nchini. Waliolaumiwa ni wataalamu, ilhali neno moja lilikuwa limebeba maana mbili na hapana mhariri aliyezitenganisha.

Mvua za masika za mwaka 2024 zilileta tatizo la pili, nalo ni la sarufi. Karibu watu 300 walikufa Kenya. Mnamo Mei, kundi la watafiti wa kimataifa liitwalo World Weather Attribution lilitoa uchunguzi wake. Njia ya watafiti hao ni kulinganisha dunia mbili: hii iliyokwisha kupata joto la takriban nyuzi 1.2, na nyingine ya kukadiriwa, isiyopata joto hilo. Kadirio lao lilikuwa kwamba joto liliongeza ukali wa mvua kwa kiasi cha asilimia 5, nao wakasema wazi kwamba kadirio hilo lina mashaka makubwa. Mwanasarufi atatambua mara moja kwamba sayansi ya namna hii husemwa kwa kiambishi -ngali-: lau dunia isingalipata joto, mvua ingalinyesha vilevile, ila ingalipungua kwa kadiri ya asilimia 5. Sasa na ichukuliwe sentensi ya mfano, ya aina inayotoka katika meza za tafsiri: "Mabadiliko ya tabianchi yamesababisha mafuriko." Hapa -ngali- imekuwa -me-, sharti limekuwa tukio, na nyongeza ya mvua imekuwa chanzo cha maafa yote.

Mtetezi wa magazeti atasema nafasi ni finyu na habari hufika kwa Kiingereza usiku. Ni kweli. Lakini Kiswahili hakikupungukiwa na vyombo. Neno "huenda" limejaa katika vichwa vya habari za siasa. Hata hivyo huenda nalo halitoshi, kwa kuwa halina kipimo: jambo lenye uwezekano mdogo na lenye uwezekano mkubwa yote mawili huenda yakawa.

Ugumu huzidi tarakimu zinapofuatana. Aprili 2023 kundi lilelile lilisema kwamba joto liliufanya ukame wa Pembe ya Afrika uwe na uwezekano wa kutokea mara 100 zaidi. Desemba likasema mvua za vuli zilizidi ukali hadi maradufu. Mei 2024, asilimia 5. Anayesikia mara 100, kisha maradufu, kisha asilimia 5, ana haki ya kuuliza kama watu hawa wanajua wasemalo. Jibu lipo. Tarakimu ya kwanza hupima uwezekano wa jambo kutokea, nazo mbili za mwisho hupima wingi wa mvua. Tena ukame ule ulitokana sana na joto kukausha udongo, na vuli ya 2023 ilichochewa pia na hali ya Bahari ya Hindi. Lakini jibu hili lilihitaji vitenzi viwili tofauti, na msikilizaji hupewa kimoja tu, "kuongeza".

Haya yangekuwa mazoezi ya darasani laiti yasingegusa paa la mtu. Uchunguzi wa Mei 2024 ulitilia mkazo upangaji wa miji: watu wengi, maskini, wamejengewa au wamejijengea mahali pa hatari, na mitaro haitoshi. Sehemu hiyo ina watendaji, yaani mamlaka, wenye nyumba, wagawaji wa ardhi. "Tabianchi imesababisha" haina mtendaji wa kushitakiwa. (Neno lenyewe, katika umbo lake la zamani la vitabu vya jiografia, ni "tabia ya nchi", anayelisikia Kibera na kudhani kwamba nchi ndiyo inayolaumiwa kwa tabia zake hakukosea sana.) Mwezi huohuo serikali iliamuru wanaoishi chini ya mita 30 kutoka kingo za mito wahame, na nyumba zikabomolewa Mathare na Mukuru. Mtendaji akawa amepatikana: mkazi mwenyewe. Maji ya Kibera nayo huteremka kwenye Bwawa la Nairobi kupitia vijito vyenye nyumba pande zote mbili, na huko Soweto West kila mpangaji anaweza kuhesabu hatua kutoka mlangoni pake hadi majini.

Mai Mahiu ni mfano wa aina nyingine. Tarehe 29 Aprili 2024 ilitangazwa kwamba bwawa la Old Kijabe limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba maji yalikuwa yameziba katika njia ya chini ya tuta la reli. Baina ya bwawa na tuta kuna tofauti ya nani aulizwe.

Yote haya hayamfai anayekana joto la dunia. Joto hilo limepimwa. Kinachobishaniwa ni sentensi inayolifikisha kijijini, na hapo mwalimu wa Kiswahili naye ana deni, kwani -ngali- aliyoifundisha imekaribia kufa katika usemi wa Nairobi, na -nge- imechukua kazi zote mbili. Pengine hasara si kubwa. Kwa usemi wa Kibera wenyewe, matokeo ya Mei 2024 yangesomeka hivi: "Kama dunia haingepata joto, hiyo mvua bado ingenyesha, lakini ingekuwa imepungua kidogo tu." Mhariri wa sarufi sanifu atataka "isingepata". Na aisahihishe, mradi aiache -nge- mahali pake. Sentensi nzima ni maneno 13, na taarifa ya habari ya saa moja usiku haikosi nafasi ya maneno 13.