Mizani bila vina

Tusizungushane. Ile sarafu iliyookotwa mwaka 2018 ufukweni kisiwani Elcho, kaskazini mwa Australia, haikustahili kuitwa ya Kilwa siku ilipoitwa hivyo. Kundi la watafiti la Past Masters liliipima uzito na upana, likaona inalingana na za kwetu, na kufika 2019 habari ilikuwa imeenea dunia nzima. Wenyewe waliweka akiba ya maneno. Lakini aliyesikia "Kilwa" hakusikia "huenda", na hapa Kilwa Masoko watu walipongezana kana kwamba jina la sultani limekwisha kusomwa.

Halikusomwa. Hapo ndipo ninapogomba.

Kila aliyewahi kuzishika sarafu zetu za shaba anajua hazina uzito mmoja. Niliwahi kuonyeshwa tatu katika kiganja cha mzee mmoja wa Kilwa Kisiwani, ameziokota baada ya mvua kubwa akizipeleka kwa watu wa Mambo ya Kale. Zote tatu zilikuwa za sultani mmoja. Moja nyembamba kama gamba la samaki, ya pili nene na imepinda ukingoni, ya tatu ndogo hadi nikadhani ni kipande kilichokatika. Ukizitia kwenye mizani, kila moja itakupa jibu lake. Hakuna kipimo cha kudumu kilichofuatwa, na inaelekea sokoni zilihesabiwa kwa idadi. Tena shaba ikilala karne nyingi katika mchanga wa chumvi, huliwa huku, huvimba kutu ya kijani kule. Uzito unaoupata leo ni wa shaba pamoja na yote yaliyoipata baharini. Kwa kipimo hicho, vipande vingapi vya metali vya duara katika pwani zote za Bahari ya Hindi "vitalingana na Kilwa"?

Sarafu ya Kilwa hutambulika kwa vina. Kwa kawaida haina mwaka, wala thamani, na zile za shaba hazitaji hata mji. Ina jina la mtawala upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yanayofuata kina cha jina la baba yake. Ali bin al-Hasan anamtegemea Mola wa *minan*, mwenye fadhila. Al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, anamtegemea Mmoja aliye *mannan*, mpaji. Hasan na minan. Sulaiman na mannan. Mtoto wa pwani aliyelelewa kwenye tenzi hahitaji kuelezwa mara mbili. Upande mmoja ukifutika, kina cha upande uliosalia kitakuonyesha jina la baba. Past Masters walishika mizani wakaacha vina, na shairi hatulitambui hivyo.

John Walker wa British Museum alilijua hili. Mwaka 1936 alipochapisha historia na sarafu za masultani wa Kilwa, alisoma herufi baada ya herufi, akaweka jina palipo na jina. Helen Brown naye, alipoziandika mwaka 1991 dinari tatu za dhahabu za al-Hasan bin Sulaiman, aliyasoma maandishi, na humo neno Kilwa limo. Hata ile moja ya shaba iliyochimbwa Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari, inakubalika kwa sababu jina la al-Hasan bin Sulaiman lilisomwa. Siku hizi mtu ana mashine inayolia "piii" mchangani, ana mizani ya kidijitali na kamera, na bado harufu ya herufi hana.

Kuhusu mashine, nimesema mara nyingi na nitasema tena: inakupa kitu na kukunyima mahali pake. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haikuwekwa kumwonea mtu, bali kupalinda mahali hapo. Tazama mwanaakiolojia Neville Chittick, ambaye Kilwa aliijua kuliko sisi sote. Kwa kufuata tabaka za udongo alimweka Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200. Mwaka 1984 likafukuliwa lile fungu la Mtambwe Mkuu, Pemba, sarafu zaidi ya 2,000 za fedha pamoja na dinari za Wafatimi zenye tarehe, na Ali akarudi karne ya 11. Bado sijamsamehe Chittick ile miaka mia na ushee, lakini ni fungu lililokutwa mahali pake ndilo lililomsahihisha. Lingekwanguliwa usiku na watu wa mashine, tungekuwa tunabishana mpaka leo.

Songo Mnara nako wamefanya sawasawa: zaidi ya sarafu 300 za shaba zilizofukiwa pamoja zilichimbwa kwa utaratibu.

Na zile tano za Maurie Isenberg, askari aliyeziokota mwaka 1944 kisiwani Marchinbar, huko huko kaskazini mwa Australia, ni za Kilwa kweli, maana zinasomeka. Mtafiti Ian McIntosh alifanya vyema kurudi pale mwaka 2013. Tatizo ni kuipa safari nzima umri wa sultani. Pamoja na hizo tano zilikuwemo nne za Waholanzi, za karne ya 17 na 18, na aliyebeba fungu hilo hawezi kuwa alitangulia sarafu yake changa kabisa. Shaba ya Ali ilizunguka mikononi mwa watu muda mrefu baada ya Ali kuzikwa.

Ile ya Elcho ilihitaji taa ndogo, iwekwe ubavuni ili vivuli vya herufi viinuke, na mtu mwenye subira ya kuitafuta herufi nuni, kwa kuwa Hasan, minan, Sulaiman na mannan yote huishia kwa nuni. Mpaka ionekane, katika daftari langu imeandikwa: kipande cha metali, Elcho, 2018.