Hesabu Ndani ya Mkebe

Mtu ahifadhiye chakula mkebeni ana maadui wawili, na silaha ya kumpiga mmoja humsaidia mwingine. Moto ukipungua, bakteria iitwayo Clostridium botulinum yaweza kusalimika katika njegere au nyama, ikatoa sumu ya kulemaza misuli hata ile ya pumzi. Moto ukizidi, chakula hupotewa na ladha, rangi na vitamini. (Mananasi ya Thika yana nafuu, maana ukali wake huizuia bakteria hiyo kuota.) Nicolas Appert, Mfaransa aliyetoa kitabu cha kazi hii mwaka 1810, aliongozwa na majaribio matupu, Pasteur, ambaye angemweleza sababu, alikuwa hajazaliwa.

Mwaka 1969, huko Marekani, A. A. Teixeira na wenzake watatu walitoa makala ambayo naiona kuwa ya thamani kubwa katika elimu hii. Waliukata mkebe kwa fikira tu, ukawa pete nyembamba nyingi. Wakaiachia kompyuta ihesabu jinsi joto linavyosafiri kutoka ukingoni hadi moyoni, na katika kila pete bakteria ngapi zimekufa na vitamini kiasi gani imesalia. Huo ndio mwigo: upishi usio na moto.

Sifa yake ni kuwa uliisahihisha imani iliyopendwa. Ilisemwa kwamba moto mkali wa muda mfupi ndio bora, na sababu ilikuwapo: joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, bakteria hizi hufa upesi mara 10 hivi, lakini vitamini B1 huharibika upesi mara 2 au 3 tu. Kwa maziwa yapitayo kwa wembamba penye joto, neno hilo ni kweli. Kwa chakula kizito kisichotembea mkebeni, mwigo ulionyesha kwamba ukingo huungua kabla moyo haujapata joto la kutosha. Kumbe moto wa kadiri, kwa muda wa kadiri, ndio uokoao vitamini nyingi zaidi.

Lakini mwigo hujua lile uliloambiwa tu. Ukiambiwa mvuke unaigusa mikebe yote sawasawa, huamini, hata kama mpangaji ameibananisha. Kwa hiyo kiwandani hapana budi kuchomeka waya wa kupimia joto katika moyo wa mkebe wa kweli, kwa kuwa anayekosea hapo haharibu hesabu, huua watu.

Tena, msomaji, liangalie neno "bora". Katika makala ile lilikuwa na maana ya vitamini, kwa sababu vitamini huhesabika. Miigo iliyofuata imetia rangi na ulaini. Ladha nayo imepewa tarakimu, lakini tarakimu hiyo bado hutoka katika ndimi za watu wachache walioketishwa mezani, wakaonjeshwa.