Mabango ya Redio katika Nchi ya Wasukuma

Redio ni kazi ya sikio, na bango ni kazi ya jicho. Kituo cha redio kisimamishapo bango kando ya njia huliomba jicho likaliite sikio. Na baina ya viwili hivyo hapana daraja ila lugha. Kwa hiyo bango la redio lastahili kuhakikiwa kama utungo, ijapokuwa maneno yake ni machache.

Zamani haja hii ilikuwa ndogo. Tangu Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951 hata sheria ya utangazaji ya 1993 ilipowafungulia mlango watu binafsi, msikilizaji wa Bara hakuwa na mengi ya kuchagua. Leo aliye Shinyanga au Geita anayo Radio Faraja ya Jimbo Katoliki la Shinyanga, Storm FM na Rubondo FM za Geita, na Radio Free Africa ya Mwanza. Penye wengi, kila mmoja hana budi kuita.

Tuyapime majina, kwa kuwa jina ndilo shina la kila bango. "Faraja" lina ahadi ndani yake. Alisomaye juu ya pikipiki aweza kumwambia mwenziwe asiyejua kusoma, na maana isipungue. "Rubondo" ni kisiwa cha Ziwa Viktoria, hifadhi ya taifa tangu 1977: halina ahadi, lakini lina mahali. "Storm" ni dhoruba kwa Kiingereza. Konsonanti zake zimeshikana mwanzo na mwisho. Ulimi wa Kiswahili huliongezea irabu, na linalosikiwa si tena lililoandikwa. Hii si hukumu juu ya vipindi. Ni hukumu juu ya mwito.

Watasema wengine kwamba Kiingereza huleta heshima, na vijana wa migodini hukipenda. Yawezekana. Lakini tukumbuke kwamba wengi katika nchi hii huzungumza Kisukuma nyumbani, hali redio kwa kawaida hutakiwa kutumia Kiswahili au Kiingereza. Kiswahili kwao ni lugha ya pili. Kiingereza ni ya tatu. Kila hatua hupunguza wasikiaji.

Tena Wasukuma wanajua sana sanaa ya kuvuta watu. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana kwa kucheza wakati mmoja, na upande uliokusanya watazamaji wengi ndio mshindi. Kinachowaita watu pale ni ngoma yenyewe. Bango haliwezi kulia kama ngoma, lakini laweza kuchukua tamko ambalo mtu atalisikia tena afunguapo redio, akalitambua.

Basi kipimo kiwe hiki: maneno ya bango asomewe mtu asiyeliona. Akiyarudia kesho bila kukosea, bango limefanya kazi yake. Asipoweza, mbao na rangi zimepotea bure.